Mstari Mweupe wa Boti ya Lihami

Dar es Salaam
12 Juni 1994

Kaka Elia, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wazima wewe, shemeji Hosiana na Mama. Sisi huku hatujambo. Christina anawasalimu, na watoto wanauliza lini mtashuka na machungwa ya Kinole, maana ya hapa sokoni wanasema ni maji matupu. Binti yako Joyce anaendelea vizuri na masomo ya uuguzi. Ameota mizizi hapa nyumbani kiasi kwamba Christina hawezi kupika bila yeye.

Kaka, nina ombi. Bila shaka mlisikia ile ajali ya masika, boti yetu ya kuvushia watu pale Lihami ilivyopinduka mtoni. Maji yaliipiga kwenye mawe ikapasuka, na mbao zilizookotwa watu wamezifanya kuni. Hakuna kilichobaki cha kuonyesha ilivyokuwa. Mwenye kampuni yetu anataka boti ndogo ya mbao, mfano wa ile, aiweke ofisini iwe kumbukumbu ya waliopotea. Nikamwambia ninaye kaka, mwalimu mstaafu wa ufundi, ambaye hakuna mti usiomtii. Vipimo nimeviambatanisha. Rangi chagua mwenyewe huko Morogoro, ila kwanza niandikie tukubaliane.

Mbusu Mama kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Allen


Kinole
3 Julai 1994

Mpendwa Allen,

Marahaba. Barua yako imefika kwa mkono wa Padri, na Mama amedai niisome mara mbili kwa sauti. Magoti yake yanamsumbua asubuhi, lakini jua likitoka anateremka mwenyewe hadi kwenye pilipili manga kuona kama tumezichuma vibaya. Hajapata kuona tumezichuma vizuri. Hosiana anakushukuru kwa kumlea Joyce kama wako.

Kazi uliyonipa nimeipokea kwa moyo wote. Tangu nistaafu mikono inawasha. Nimeangusha tawi la mfenesi lililokuwa linaegemea jiko, mbao zake zina rangi ya asali na hazipasuki ovyo. Ubavu wa kulia nimeshaumaliza.

Sasa rangi. Jumanne nilishuka mjini. Allen, wewe umezoea, lakini mimi nilisimama dukani kama mtu aliyepotea. Si unakumbuka tulivyokuwa tunapaka madawati ya shule kijani miaka yote kwa sababu kijani ndiyo iliyokuwepo, na nayo kwa kibali? Leo duka moja lina nyeupe tatu zisizofanana, na kijana wa dukani ananiuliza nataka ipi kama vile ni kosa langu. Nikarudi bila kununua.

Ila boti ile mimi ninaikumbuka. Mwaka jana mimi na Hosiana tuliipanda tulipokwenda kumzika shangazi yake ng'ambo ya mto. Juu ilikuwa bluu, chini nyekundu, na ule mstari wa shehena, unaoonyesha mwisho wa kupakia, ulikuwa wa njano, juu kabisa, karibu na ukingo. Naukumbuka kwa sababu tulikuwa tumejaa magunia ya mpunga na Hosiana akaanza kusali. Nahodha wenu Mosi akamwambia, "Tulia, mama, mstari bado uko nje ya maji." Nikainama kuutazama. Ulikuwa nje, lakini kidogo tu.

Basi niambie kama ni bluu hiyo hiyo, na njano ipi, ya ndimu au ya yai.

Kaka yako,
Elia


Dar es Salaam
19 Agosti 1994

Kaka, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenikaba. Hatujambo wote. Joyce amenunuliwa viatu vyeupe vya wodini na anatembea navyo sebuleni kuvizoea. Mpe Mama pole ya magoti. Christina amempata mtu anayeuza dawa nzuri ya kuchua kutoka Dubai, nitaituma.

Kuhusu rangi: juu bluu, chini nyekundu, sawasawa. Lakini mstari si wa njano, kaka. Ni mweupe, na unakaa chini, juu ya ubao wa tatu kutoka chini, kama nilivyouchora kwenye karatasi hii. Ndivyo ulivyowekwa tangu boti ikiwa ya serikali, na haukuguswa. Hiyo njano labda uliiona kwenye boti nyingine. Siku ya msiba mtu anaona mengi.

Tafadhali ufuate mchoro huu bila kubadilisha. Ninaihitaji kabla Septemba haijaisha.

Mdogo wako,
Allen


Kinole
4 Septemba 1994

Mpendwa Allen,

Salamu nyingi kutoka kwa Mama, ambaye sasa ana ugomvi na kuku wa jirani na kwa hiyo ana afya njema. Mvua za juu mlimani zimeanza mapema, na njia ya kushukia Mkuyuni ina utelezi.

Boti imekwisha. Ninampa Omari, dereva wa lori la ndizi, ailete Dar ikiwa imefungwa katika blanketi. Nyekundu nilipaka mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mti uliinywa yote. Bluu niliichanganya mwenyewe na nyeupe kidogo mpaka nikapata ile iliyopaushwa na jua ninayoikumbuka.

Mstari niliuacha wa mwisho. Hosiana alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Aliponiona nachovya brashi kwenye nyeupe akauliza nafanya nini, nikamwambia. Akasema mstari ulikuwa wa njano na ulikuwa juu, na kwamba yeye aliukodolea macho njia nzima kuliko alivyomtazama Mungu. Nikamjibu kwamba Allen ndiye anayeijua boti, sisi tulikuwa abiria wa siku moja. Akarudi kwenye maharage yake. Nikaupaka mweupe, chini, kama ulivyoagiza.

Nakuamini, mdogo wangu. Lakini niambie, Mosi alinusurika? Yuko wapi? Kijana yule alitubebea mizigo hadi barabarani, akakataa hata ahsante.

Kaka yako,
Elia


Dar es Salaam
10 Oktoba 1994

Kaka, shikamoo.

Boti imefika salama na kila mtu ameisifu. Nimemtumia Mama khanga na ile dawa ya kuchua kwa Omari. Joyce anafanya mitihani ya mazoezi, msimwandikie mambo ya kumtia wasiwasi.

Habari za Mosi sina. Watu wa vivuko hawakai mahali pamoja.

Wako,
Allen


Kinole
27 Novemba 1994

Allen,

Mama anakusalimu. Khanga ameivaa kanisani. Sisi wengine tu wazima.

Alhamisi alikuja mwanamke hapa nyumbani. Alitembea kutoka lori lilipokwama, na miguu yake ilikuwa matope mpaka magotini. Hosiana alimpa maji ya kunawa na chai kabla ya kumuuliza shida yake. Jina lake ni Asia. Ni mke wa Mosi.

Hukuwa na habari za Mosi, uliandika. Asia anazo. Mosi yuko rumande tangu Mei. Ameshtakiwa kwamba aliua watu kwa uzembe, kwa kupakia boti kupita mstari. Kesi iko mahakama ya wilaya huko huko bondeni, upande wa Lihami. Kumbe na wewe umekuwapo kila inaposikilizwa, umekaa na wakili wa kampuni.

Akaniambia kilichotokea Oktoba. Wakili aliinyanyua boti yangu kwa mikono miwili ili kila mtu aione. Akasema hivi ndivyo boti ya Lihami ilivyokuwa, na kwamba imetengenezwa na mwalimu mstaafu wa Kinole, mtu wa kanisani, ambaye aliwahi kuipanda kwa hiyo anajua alichokiona. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mweupe akamuuliza Mosi kama ana macho. Mosi akajibu kwamba mstari ulikuwa wa njano na ulikuwa juu, na kwamba siku ile haukuzama hata kidogo walipong'oa nanga. Watu wakacheka, Allen. Walicheka kwa sababu ya rangi niliyoipaka mimi.

Na Mosi alisema jambo lingine. Alisema serikali ilipoiuza boti, wewe ulikwenda Lihami na mpaka rangi. Ulisimama ukingoni ukaonyesha kwa mwavuli wako mahali mstari mpya utakapopanda, ili magunia yaongezeke. Wa zamani, ule mweupe wa chini, ukafutwa kwa bluu.

Asia hakupiga kelele. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili akasema, "Mwalimu, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu. Rangi ile uliiona wapi?"

Hosiana ndiye aliyejibu. Akasema, "Hakuiona. Aliambiwa."

Nilipokuandikia mwezi wa saba kwamba ninaukumbuka mstari wa njano, ulisema macho yangu yalikuwa na msiba. Mahakamani wewe na wakili wenu mkasema macho yangu yalikuwa mazima. Uliyatupa yalipokupinga, ukayaokota yalipokufaa.

Sitaki maelezo marefu. Niandikie neno moja, ni kweli au si kweli.

Elia


Dar es Salaam
15 Desemba 1994

Kaka Elia, shikamoo.

Nimesoma barua yako na imeniumiza. Natumaini Mama hajui mambo haya, kwa umri wake.

Wewe ulistaafu na heshima yako, umekaa Kinole na karafuu zako. Mimi idara yetu ya serikali ilipofungwa tuliitwa ukumbini tukasomewa majina kama watoto wa shule. Wenzangu niliokaa nao meza moja leo wanapanga mitumba chini Kariakoo, na mmoja wao alikuwa bosi wangu. Mimi nilibahatika kuchukuliwa na aliyenunua boti. Mtu kama huyo akisema jambo lifanyike, linafanyika. Hukuwahi kuishi hivyo, kwa hiyo usinihukumu.

Mstari sikuuchora mimi. Waliochora ni mafundi. Na waliokufa hawatarudi hata Mosi akitoka leo. Wakili anasema atapewa kifungo kifupi tu.

Kesi inasikilizwa tena Januari. Nakuomba kama mdogo wako, usije. Joyce amebakiwa na mwaka mmoja. Anakula mezani kwangu na analala chini ya paa langu. Fikiri kama mzazi.

Krismasi njema.

Allen


Kinole
30 Januari 1995

Allen,

Nimerudi jana. Mama hajambo.

Ulipoondoka mahakamani kwa mlango wa nyuma hukuona yaliyofuata, kwa hiyo nakuandikia.

Kwanza ujue kwamba sikulala vizuri tangu barua yako. Mambo ya Joyce niliyageuza kila upande. Mwisho nilimpa Hosiana aisome, nikitumaini atanizuia. Aliisoma pale kwenye mwanga wa mlango, akaikunja, akasema, "Joyce anaweza kutafuta pengine pa kulala. Mosi hawezi." Akaenda kumwomba jirani atunze kuku. Tukapanda basi Morogoro wote wawili. Yeye alisali mpaka Mikumi, mimi nikatazama nje.

Ulituona tunaingia. Najua, kwa sababu uliinamisha kichwa ukaanza kutafuta kitu katika mkoba ambao haukuwa na kitu.

Hakimu, yule mama mwenye miwani, alinipa boti niishike. Nikasema ni kazi ya mikono yangu na ina makosa, mstari haukuwa mweupe na haukuwa pale. Akauliza kwa nini basi niliupaka hivyo. Nikasema niliagizwa. Akauliza na nani.

Wakili wako alikuwa anatabasamu, alidhani nimeshindwa. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa nakupa nafasi usimame mwenyewe. Ungesimama wakati ule, Allen, ningekuwa nimekaa upande wako hadi leo. Ulikuwa unatazama kucha zako.

Nikasema, "Na mdogo wangu wa tumbo moja."

Hapo ndipo ulipotoka. Baada yako alisimama Hosiana akaeleza habari za mstari na sala zake, na watu wakacheka tena, lakini safari hii si kwa kumcheka Mosi. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akanyoosha mkono. Alisema amevuka pale kila siku ya soko na mstari ulikuwa wa njano, ila aliogopa, kwa sababu shamba lake liko ng'ambo na boti mpya ni ya mtu yule yule. Baada yake akasimama mwanamke aliyepoteza mtoto. Kumbe wote walikuwa wanajua. Walikuwa wanamsubiri mtu mmoja aanze.

Siku ya pili hakimu aliiweka boti kando akasema haitatumika. Mosi ameachiwa Ijumaa. Amekonda, shati lilikuwa linamning'inia kama limeanikwa. Asia alimshika mkono tu.

Nilidhani atanishukuru au atanitukana. Hakufanya yote mawili. Aliniambia kwamba siku ile ya kupaka rangi ulichelewa gari, ukala kwake. Asia alikukaangia samaki. Ukamwambia Mosi kwamba kampuni ikikua, yeye utamfanya msimamizi wa vivuko vyote.

"Nilimwona kama ndugu," alisema.

Nikamjibu, "Hata mimi."

Joyce yuko hapa kwa wiki hii. Christina alimwambia achukue vitu vyake, nasikia alilia wakati anamwambia, na kwa hilo simlaumu. Chuo kimempa kitanda bwenini. Hakuniuliza kwa nini nilikwenda. Ameuliza tu kama wewe ulikuwepo nilipokuwa nasema, nikamwambia ulikuwepo.

Elia


Dar es Salaam
21 Februari 1995

Kaka,

Nimeachishwa kazi. Mwenye kampuni amewaambia polisi kwamba mstari niliuhamisha kwa akili yangu mwenyewe na yeye hakujua lolote. Mtu niliyemtumikia kama mbwa. Aliyasema mbele yangu, ananitazama usoni, kisha akaniomba funguo za ofisi.

Polisi wamekuja hapa nyumbani. Wamesema nitaitwa. Christina amewapeleka watoto kwao Dodoma. Nyumba imekuwa kubwa.

Kaka, nakuomba mambo mawili. Ukiitwa, sema kwamba mimi nami niliagizwa. Wewe ukisema wataamini. Na Mama usimwambie. Mwambie nimehamishwa kikazi, mbali kidogo, nitaandika nikitulia.

Na la tatu, ambalo siwezi kuliomba bali nauliza tu. Mimi bado ni ndugu yako?

Allen


Kinole
12 Machi 1995

Mdogo wangu Allen,

Mvua zimeanza, na kila kitu hapa kina ukungu hadi adhuhuri. Hosiana anakusalimu. Joyce amerudi chuoni. Ameandika kwamba bwenini kuna kelele lakini amezoea.

Umeuliza kama bado wewe ni ndugu yangu. Ndiyo. Ungekuwa mtu baki ningeshakusahau, ningekuwa nalala. Nakuona ulivyokuwa mdogo umepanda mgongoni kwangu tunateremka kwenda shule, umenishika masikio kwa sababu ya kuogopa makorongo. Ndiyo maana sijapona. Yaliyokupata kwa bosi wako sijayafurahia. Nilipoisoma barua yako nilikaa kitako, maana maneno uliyoyaandika juu yake ndiyo niliyokuwa natembea nayo moyoni juu yako.

La kwanza uliloomba siwezi. Nikiitwa nitasema ninachokijua, nacho ni kwamba wewe uliniambia nyeupe. Aliyekuambia wewe simjui, sikuwapo. Mtaje mwenyewe, simama ulitaje jina lake kama nilivyolitaja lako. Ukifanya hivyo nitakuja nikae nyuma yako, hata kama nitakuwa peke yangu ukumbini. Na kabla ya hapo nenda Lihami kwa Mosi na Asia. Usiende na zawadi.

La Mama nimelifanya, na najuta. Jumapili alikuwa anaota moto jikoni akauliza mbona Allen kimya. Nikamwambia umehamishwa, mbali kidogo, kama ulivyotaka. Akaniuliza kama huko ulikohamishwa kuna posta.

Nikamwambia ipo. Ni uongo wa mwisho nitakaousema kwa ajili yako. Njoo umwambie mwenyewe, ukiwa unamtazama.

Kaka yako,
Elia